Uvertire ya zamani ya kumushangaza mutu mwenye kujitayarisha sana, nicheze gani?

pioni_wa_himbi (Goma)

Bandugu jambo. Niko na swali ya esheki, juu ya uvertire (hatua za kwanza za parti), mwenye kujua anisaidie juu turnuwa iko karibu. Mu klabu yetu huku Himbi kuko kijana moja, simutaji jina, ni mutu mupole na tunaelewana vizuri, lakini ku meza ya esheki ni mukali sana. Yeye anajitayarishaka na ordinatere, anaingia Lichess (site ya kucheza esheki ku intaneti) anaangalia parti zako zote za blitz (za mbiyo), anaona unapendaka kucheza nini, kisha anauliza Stockfish (programu ya kuhesabu esheki) hatua gani inakuumiza. Mimi toka naanza nachezaka Espanyola, e4 e5 Cf3 Cc6 Fb5, na sasa anaijua kunipita. Parti yetu ya mwisho alicheza hatua za kwanza zote bila kufikiri, mukono unaenda ku saa tu, mimi nilikuwa nimeshakula nusu ya wakati wangu na yeye alikuwa hajaanza hata kutumia yake.

Sasa nimekuwa naangalia parti za zamani, ile ya Anderssen na Kieseritzky ya London 1851 yenye anatoa turi mbili na dame kisha anapiga mati, na ile ingine ya Berlin 1852 na Dufresne. Nikajiuliza, juu ya nini nisimuletee kitu kama hii? Gambi ya mufalme ao gambi Evans (gambi ni kutoa pioni mapema ili upate nguvu), vitu vyenye hawezi kuvitayarisha juu hakuna mutu anavicheza hapa kwetu. Lakini rafiki moja ananiambia achana navyo, hivyo vilishavunjwa zamani, ordinatere inavijua vyote.

Tutacheza dakika 25 kila mutu na sekunde 10 kila hatua, na mimi ndio nitakuwa na nyeupe. Ni uvertire gani ya zamani inaweza kufanya kazi kweli, si ya kutisha batoto? (Naandika herufi za kifaransa kama tulivyozoea: C kavalie, F fu, T turi, D dame, R mufalme; x ni kukula, + ni kumushambulia mufalme, 0-0 ni roke.)

turi_ya_kadutu (Bukavu)

Mudogo wangu, cheza Evans. Nakuambia hii bila kuzunguka na nitakueleza sababu.

Kwanza huyo rafiki yako anachanganya mambo mawili. Kusema ordinatere inajua jibu si sawa na kusema huyo kijana anajua jibu. Stockfish haitakaa ku kiti mbele yako. Atakaa yeye, na kichwa chake, na kile alisoma jana usiku, na jana usiku alikuwa anasoma Espanyola. Ndiyo maana swali la kujiuliza ni hili: kama akifikia mahali asipopajua, uvertire hii itamuomba afikirie vitu vingi ao kimoja tu? Kama ni kimoja tu, mutu mwenye akili atakipata hapo hapo ku meza na utabaki na pioni kidogo na huzuni. Kama ni vingi, kila hatua ni swali mupya na saa inatembea.

Evans iko hivi. 1.e4 e5 2.Cf3 Cc6 3.Fc4 Fc5 4.b4. Unamupa pioni ya b. Aliyeileta ni kapitene wa meli, William Davies Evans, mutu wa Wales, miaka ya 1820. Akikula 4...Fxb4 unacheza 5.c3, fu yake lazima itembee tena, kisha 6.d4 na uko na katikati yote. Angalia vizuri kile umenunua na pioni moja: fu yake imetembea mara tatu, yako ya c1 inaweza kutoka ku a3 na kumufungia njia ya roke (kumuficha mufalme pembeni pamoja na turi), dame yako inaenda b3 na kuangalia f7 pamoja na fu ya c4. Hiyo si mutego wa hatua moja. Hata akicheza vizuri, shida zake zinabaki hapo hatua kumi zinazofuata.

Na usiseme ni kitu ya batu ba zamani tu. Mwaka 1995 kule Riga, Kasparov aliicheza mbele ya Anand, na Anand si mutu wa kukosa kujitayarisha, mwaka ule ule alikuwa anamutafutia Kasparov kiti cha ubingwa wa dunia. Anand alijibu 5...Fe7 6.d4 Ca5, jibu ya heshima kabisa, ya kujificha na kurudisha mambo chini. Kasparov akarudisha fu 7.Fe2, Anand akakula ku d4, na Kasparov akakula na dame, 8.Dxd4! Hapo ndio nataka uangalie. Kila mutu angekula na pioni c. Yeye aliweka dame katikati juu kutoka d4 inaangalia g7, na kavalie nyeusi iko mbali ku a5. 8...Cf6 9.e5 Cc6 10.Dh4 Cd5 11.Dg3, na sasa ile g7 inaomba ulinzi, Anand akacheza g6, mashimo yakafunguka, mufalme wake hakufanya roke hata siku moja. Hatua ya 25 akaacha. Bwana mukubwa kama yule, hatua 25.

Chukua ile parti, iweke ku meza ya mbao, si ku telefone, ucheze hatua moja moja mpaka uelewe juu ya nini kila kitu.

gambi_kamalondo (Lubumbashi)

Jambo yenu ba yaya. Mi sikatae Evans ni muzuri, lakini naona papa wa Bukavu anapita paka mbiyo juu ya gambi ya mufalme na ile iko na haki yake. 1.e4 e5 2.f4, hatua ya pili tu na huyo kijana ameshatoka mu masomo yake! Na Evans unangoja mpaka hatua ya ine na unangoja ye mwenyewe acheze 3...Fc5. Kama akicheza 3...Cf6, Evans yako iko wapi? Imekufa mbele ya kuzaliwa. Na gambi ya mufalme hakuna kungoja, ukiisha ona e5 unatupa f4.

Batu banasemaka Fischer aliivunja. Ndiyo, alipigwa na Spassky ku Mar del Plata 1960 na ile gambi, ikamuumiza, na 1961 akaandika ule makala yake ya kusema imekwisha, kisha 2...exf4 3.Cf3 d6. Lakini angalia kisha alifanya nini yeye Fischer mwenyewe, aliicheza na nyeupe! Ku shampiona ya Marekani ya 1963 alipiga Larry Evans nayo (si ule Evans wa gambi), na 1968 ku Vinkovci alipiga Wade na Minić. Alicheza 3.Fc4 pahali ya 3.Cf3, njo ile ile Anderssen alicheza London. Mutu mwenye kusema uvertire imevunjika kisha anaicheza yeye mwenyewe na anashinda, iko anakufundisha kitu.

Na Spassky aliicheza maisha yake yote, Bronstein alimupiga nayo ku Leningrad 1960, mwaka moja tu na Fischer. Kama bingwa wa dunia hakuogopa, sisi tunaogopa nini?

turi_ya_kadutu (Bukavu)

Gambi_kamalondo, mwanangu, nakuheshimu na nilipenda ulivyoandika, ila kidogo nikurekebishe ile ya mwisho: ku Leningrad 1960 ni Spassky alimupiga Bronstein, si kinyume. Parti ni ile nzuri sana yenye Spassky anaacha turi ya f1 iliwe na pioni yenye kugeuka kuwa malkia, akiisha ona mufalme mweusi hana pa kukimbilia.

Lakini swali la ndugu wa Himbi si kama gambi ya mufalme ni nzuri. Swali ni kama inafaa mbele ya huyo mutu. Mimi shida yangu nayo ni hii, f4 inafungua mufalme wako WEWE. Mulalo wa e1 mpaka h4 unabaki wazi. Ukicheza 3.Fc4, jibu la 3...Dh4+ linakulazimisha 4.Rf1 na roke imekwenda, sawa, Anderssen aliishi nayo. Ila jibu la kweli si lile. Jibu la kweli ni 3...Cf6 na baadaye c6 na d5, hatua za kawaida kabisa, mutu mwenye kufikiri vizuri anazipata bila kitabu. Na ukicheza 3.Cf3, ile d6 ya Fischer kazi yake ni moja: pioni ya d6 inaangalia e5, ndiyo maana nyeusi akiisha cheza g5 na g4, kavalie yako haina e5 ya kukaa kama mu njia ya zamani yenye kuitwa Kieseritzky. Inarudi g1. Huyo kijana wa Stockfish, hata kama hajasoma gambi ya mufalme mwaka wote, anaweza kukumbuka neno moja, "d6", juu ile makala ya Fischer kila mutu ameisikia. Neno moja linatosha kuua mushangao wako.

Evans haina neno moja. Iko na majibu mazuri ine ao tano na kila moja inapeleka mahali pengine. Ndiyo tofauti.

gambi_kamalondo (Lubumbashi)

Aksanti papa, ni kweli ni Spassky alishinda. Na ile ya d6 naikubali. Lakini 3...Cf6 ku Evans bado haujajibu.

dame_ya_birere (Goma)

Bandugu niruhusuni. Mimi nachezaka mu mji huu huu na nawajua batu ba aina ya huyo kijana, wako wengi sasa, na nafurahi wako, esheki yetu imepanda juu yao. Naongeza mambo yenye hamujagusa.

Ndugu Himbi, kama yeye anaangalia parti zako za Lichess, basi usiende kujifunzia Evans mu blitz za Lichess! Utakuwa umemuandikia barua. Acha ku akonti yako uendelee kucheza Espanyola kila siku kama kawaida, aone Espanyola, aendelee kuisoma. Evans ifanyie mazoezi na mutu ku meza, ao ku application ya Lichess bila intaneti, iko na Stockfish ndani yake unaweza cheza nayo hata kama mega zimekwisha ao umeme umekata. Kama unataka kuandika hatua zako tumia "study" na uifunge, isionekane na batu bengine.

Pili, angalia hesabu yako ya saa. Dakika 25 na sekunde 10. Mushangao mu parti ya namna hii nguvu yake kubwa iko ku saa kuliko ku nafasi. Ukimutupia b4 ku hatua ya ine na akafikiri dakika sita, umeshamupata kidogo, hata kama anapata hatua nzuri. LAKINI hiyo inafanya kazi tu kama wewe haufikiri! Nikiona mutu anacheza gambi ya zamani na yeye mwenyewe ku hatua ya saba anashika kichwa, nasikia vibaya sana juu yake. Ni wewe ulichagua hapo pahali, ujue kila kona.

Tatu, hii si lazima iwe gambi. Angalia Kramnik na Kasparov, London 2000, ubingwa wa dunia. Kasparov alikuwa mutu aliyejitayarisha kuliko wote duniani, iko na timu, iko na ordinatere, na Kramnik alimutolea Berlin, e4 e5 Cf3 Cc6 Fb5 Cf6, defanse ya karne ya 19 yenye hakuna mutu alikuwa anaiheshimu. Dame zinatoka mapema, mufalme mweusi anabaki katikati bila roke, na Kasparov hakuweza kuifungua. Parti 15, Kasparov hakushinda hata moja, ikaisha 8.5 kwa 6.5. Kitu ya zamani, hakuna moto, hakuna kutoa pioni, ni kumupeleka mutu mahali ambapo masomo yake hayamusaidii kitu. Ama Skotishi, 1.e4 e5 2.Cf3 Cc6 3.d4, jina yake inatoka ku parti za barua kati ya Edinburgh na London zenye zilianza 1824, Kasparov mwenyewe aliifufua 1990 mbele ya Karpov. Kama roho yako haipendi kutoa pioni, Skotishi ni ya zamani na ni salama na atatoka vile vile mu Espanyola yake.

Na kisha turnuwa, kama siku moja unapata nyeusi na yeye anacheza e4, kuko Skandinavia, 1...d5. Ile iko mu parti ya Valencia ya karibu 1475, ya zamani kuliko zote kwa sheria za sasa, na Carlsen aliitumia 2014 ku Tromsø, Olimpiadi, mbele ya Caruana na akashinda.

pioni_wa_himbi (Goma)

Aksanti sana wote, kweli sikufikiria kama nitapata majibu ya namna hii. Ba mukubwa, nimeangalia ile parti ya Riga jana usiku, nimeiweka ku meza kama papa wa Kadutu alisema, na hatua ya 8.Dxd4 sasa naielewa, mbele nilikuwa nafikiri dame katikati inafukuzwa tu. Kavalie ya c6 ndio ingeifukuza, na ile iko a5!

Nimechagua Evans. Skotishi dada wa Birere nitaiweka kama ya pili. Ile ya kuendelea kucheza Espanyola ku Lichess nimeanza leo.

Lakini ndugu wa Lubumbashi aliuliza na mimi nauliza tena: akicheza 3...Cf6 nifanye nini? Na akikataa pioni, 4...Fb6? Na ingine, rafiki yangu ananiambia kuko defanse ya Lasker yenye inaua Evans kabisa, unarudishiwa pioni na dame zinatoka.

turi_ya_kadutu (Bukavu)

Maswali mazuri, tuchukue ya Lasker kwanza juu ndiyo inaogopesha batu.

Ile inakuja hivi: 4...Fxb4 5.c3 Fa5 6.d4 d6, na kama wewe unafanya 7.0-0, yeye anarudi 7...Fb6. Sasa ukitaka pioni yako unakula e5, anakula e5, dame zinabadilishana ku d8, unakula e5 na kavalie, pioni ziko sawa, lakini ule moto wote umezimika na pioni zako za a na c zimebaki peke yake kila moja na njia yake. Emanuel Lasker, bingwa wa dunia toka 1894 mpaka 1921, ndiye aliifundisha, na ni kweli ilipunguza sana batu wa kucheza Evans. Ila dawa iko rahisi: usifanye roke ku hatua ya saba. Baada ya 6...d6 cheza 7.Db3 hapo hapo. F7 inashambuliwa, anacheza 7...Dd7, na sasa angalia dame yake inakaa mbele ya fu ya c8, ile fu haitoki. Hapo unaweza fanya kazi yako pole pole.

Hatua yenye mimi naiogopa zaidi ku nyeusi ni 6...exd4 7.0-0 Cge7, na akiisha ona 8.cxd4 anapiga 8...d5 bila kuchelewa, anatoa pioni moja ili apumue na roke iko karibu. Hiyo ujue, na ujue kwamba nafasi ni sawa sawa, si ya kukufa. Unaweza pia kucheza 7.Db3 pahali ya roke. Kama anakula zote, 7.0-0 dxc3, furahi. 8.Db3 Df6 9.e5 Dg6, pioni zake ni tatu zaidi, lakini vipande vyake vyote vimelala na vyako vyote vimeamuka. Hapo dakika 25 ni kidogo kwake.

3...Cf6: gambi_kamalondo una haki, Evans haiko tena. Lakini uzamani hauishi hapo. Cheza 4.d4 exd4 5.0-0. Akikula 5...Cxe4, basi 6.Te1 d5 7.Fxd5! Dxd5 8.Cc3! Weka hii nafasi mbele ya macho yako. Kavalie yako ya c3 inashambulia dame, na inaonekana anaweza kuikula kwa njia mbili. Kwa pioni, dxc3, safu ya d inafunguka na unakula dame yake. Kwa kavalie ya e4, hawezi, imefungwa mbele ya mufalme na turi yako ya e1. Dame lazima ikimbie, ku a5 ao h5 mara nyingi, na wewe unarudisha kavalie yako 9.Cxe4. Nyeusi akicheza vizuri iko sawa, 9...Fe6 na roke ya upande wa dame. Lakini uone ni nani hapo anajua na ni nani anahesabu.

Sasa ya kukataa, 4...Fb6. Batu wengi wanafikiri ukikataa gambi mambo yanaisha, hapana. Kasparov mwaka ule ule 1995, ku Amsterdam, Jeroen Piket alimukatalia hivyo. Jibu ni 5.a4, unatishia kuifungia fu na a5. Akicheza 5...a6, weka 6.Cc3 na umepata Italiana (uvertire ya 3.Fc4 Fc5 bila gambi) yenye nafasi kubwa upande wa dame, bila kutoa chochote. Akicheza 5...a5 kama Piket, basi 6.b5, kavalie ya c6 inafukuzwa, akija 6...Cd4 unakula 7.Cxd4 Fxd4, kisha 8.c3 fu inarudi b6, 9.d4. Angalia ile pioni ya d4, imekaa katikati na umepata hatua ya bure juu ya fu yake.

Anza na hizi tatu, Db3, Fxd5 na a4. Nyingine tutaongea kisha turnuwa, na uandike hapa parti yenyewe tuione.